Ardhisasa Imehamisha Kaunta, Ramani Bado Imefungiwa

Kila mara Wizara ya Ardhi ya Kenya inapotangaza kwamba kaunti nyingine imeingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wake wa kidijitali wa kumbukumbu na miamala ya ardhi, majibizano huwa yale yale. Wanaoshangilia husema faili hazitapotea tena kwenye makabati, na mabroka waliokuwa wakishinda kwenye ngazi za Ardhi House, makao makuu ya wizara, watatafuta kazi nyingine. Wanaonung'unika, mawakili wakiwa mstari wa mbele, husema mfumo unakwama, miamala inalala, na mteja aliyelipa mwezi uliopita bado anasubiri. Kambi hizi mbili zinabishana kuhusu mwendo tu. Sijasikia wengi wakiuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo litakaloamua kama mabilioni yaliyotumika humo yamejenga kitu au yamenunua kompyuta: nani anaruhusiwa kuona nini ndani ya mfumo huo, kwa bei gani, na akishaona, anaruhusiwa kukifanyia nini?

Nasema wazi mapema ili tusipoteane njiani. Ardhisasa, ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliizindua tarehe 27 Aprili 2021 pamoja na Kituo cha Taifa cha Data za Kijiografia pale Ruaraka, Nairobi, ni kaunta nzuri. Unajisajili kwa kitambulisho chako, unaweka namba ya kipande cha ardhi, unalipa, unapata jibu la kipande hicho kimoja. Kaunta ya zamani ilifanya hivyo hivyo, ila kwa foleni. Miundombinu ya data za kijiografia ni jambo jingine. Ni pale ambapo mpima ardhi, mhandisi wa maji, karani wa kaunti, mwalimu wa jiografia na mwanamke anayetaka kununua ploti ya futi hamsini kwa mia moja wanasimama juu ya ramani moja, wakiona barabara, mito, mipaka na vipande kwa pamoja. Kenya haijafika hapo. Na kinachotuzuia kimeandikwa kwenye sera zaidi ya kwenye seva.

Wazo lenyewe si geni. Marekani ililiweka rasmi Aprili 1994, Bill Clinton alipotia saini amri iliyozitaka idara zote za serikali kuu zishiriki data zao za ramani badala ya kila moja kuchora za kwake. Kenya ilianza vikao vyake mwaka 2001, Idara ya Upimaji ikiwa ndiyo sekretarieti, na Wajapani wakasaidia. Umoja wa Ulaya ulipitisha maelekezo yake mwaka 2007. Kwa hiyo hatukuchelewa kuamka. Tuliamka alfajiri, tukarudi kulala. Wakati huo wote, ramani ambayo mwananchi aliweza kuinunua kihalali ilikuwa karatasi ya kipimo cha 1:50,000, nyingi zikitokana na kazi ya Idara ya Uingereza ya Upimaji wa Ng'ambo katika miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru. Ninayo moja nyumbani. Pale mtaa wangu ulipo leo, imechorwa mikonge. Picha za angani zilizopigwa kwa ajili ya idara ile, kumbukumbu inayoweza kukuonyesha mto ulipita wapi kabla ya mtu kuujaza kifusi, zimehifadhiwa Edinburgh.

Labda msomaji atasema haya ni mambo ya wachora ramani. Basi tuende Nyali, Mombasa.

Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kampuni ile ilikuwa na hatimiliki ya kiwanja cha ufuoni. Ilikuwa imekinunua kwa fedha, na ardhi ilikuwa imepita mikono kadhaa tangu ilipogawiwa mara ya kwanza mwaka 1989, na aliyegawiwa alikuwa Rais Daniel arap Moi. Mwaka 2017 kaunti ilikuja na matingatinga ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini. Majaji walisema eneo lile lilikuwa limetengwa kama uwanja wazi, kwa hiyo halikupaswa kugawiwa mtu yeyote, na hatimiliki iliyozaliwa na mgao mbovu haimlindi hata mnunuzi wa baadaye. Wakaongeza kwamba ardhi ya ufuoni huvutia wengi, hivyo mnunuzi alipaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Uamuzi huu ulipokelewa kwa makofi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Lakini fikiria unamdai nini mnunuzi wa kawaida. Zamani sachi ilitosha: msajili anakwambia mwenye jina ni fulani, hakuna rehani, unalipa. Sasa Mahakama ya Juu inamtaka arudi nyuma hadi mgao wa kwanza, ajue kama ile ploti iliwahi kuchorwa kama uwanja, barabara, makaburi au hifadhi ya mto. Ataijulia wapi? Mipango ya zamani ya miji imelala kwenye ofisi za mipango ya ardhi, ramani za usajili ziko kwenye ofisi nyingine, michoro ya wapima iko Ruaraka. Ardhisasa inampa jibu la kipande kimoja kwa namba moja. Haimwonyeshi kilichokuwa kimepangwa pale wala kinachokizunguka. Mahakama imeweka wajibu ambao sera ya data inamzuia mtu kuutimiza. Mwenye wakili wa bei mbaya ataupata ukweli kwa kuzunguka ofisi mbili tatu. Wengine wataendelea kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na safari hii gunia lina muhuri wa serikali.

Ukitaka kuona jambo hili likiua, rudi kwenye mvua za Machi hadi Mei 2024. Karibu watu 300 walikufa nchini. Serikali iliagiza wakazi wa kingo za mito waondoke, na matingatinga yakaingia Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Kila mtu alianza kusema "mita thelathini" kana kwamba ni amri ya Musa. Ukweli ni kwamba kanuni za maji na za mazingira zilizungumzia ukingo wa kati ya mita 6 na mita 30, kutegemea upana wa mto na kimo cha juu kabisa cha mafuriko yaliyorekodiwa. Maana yake mstari huo hauwezi kujulikana kwa kunyoosha utepe wa kupimia kutoka kwenye maji. Lazima mtu awe na rekodi za mafuriko, mwinuko wa ardhi na mkondo wa mto, avichore pamoja, halafu auweke mstari huo mahali unapoonekana. Tabaka hilo la ramani lingekuwa wazi, mnunuzi wa orofa iliyo ukingoni angeliona kabla ya kuweka rehani, benki ingeliona kabla ya kumkopesha, na karani wa kaunti angeona aibu kupitisha mchoro wa jengo. Kwa kuwa halikuwa wazi, watu wengi waliujua mstari ulipo siku walipoona alama ya X nyekundu ukutani.

Sasa tuwasikilize wanaotetea mlango uliofungwa, kwa maana si wote ni wezi.

Hoja ya kwanza ni ya fedha. Kupima nchi kuna gharama, wanasema. Idara haina bajeti. Acha anayetumia alipe. Inasikika kama busara ya dukani, na kwa miaka mingi serikali kubwa ziliiamini. Marekani iliijaribu kwa setilaiti zake za Landsat: mwaka 1984 ilipitisha sheria ya kuzikabidhi biashara hiyo kampuni binafsi, na picha moja ikafika zaidi ya dola 4,000. Wanasayansi waliacha kununua. Baadaye serikali ikairudisha kazi mikononi mwake, bei ikashushwa hadi dola 600, na hata mwaka 2001, uliokuwa mwaka wa mauzo makubwa, picha zilizotoka zilikuwa takribani 25,000 tu. Mwaka 2008 waliamua kuzitoa bure, na muda mfupi baadaye watu wakawa wanapakua zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ramani nyingi za misitu, ukame na mashamba unazoziona kwenye ripoti kuhusu Afrika Mashariki zimesimama juu ya uamuzi ule. Denmark ni mfano wa karibu zaidi na suala letu, kwa sababu wao walifungua anwani: mwaka 2002 walikubaliana kuzitoa bila malipo, na tathmini yao wenyewe ilikadiria faida ya moja kwa moja ya kati ya 2005 na 2009 kuwa kama yuro milioni 62, dhidi ya gharama ya kama yuro milioni 2. Faida hizo ziliwafikia posta, magari ya wagonjwa, makampuni ya bima na wauza pizza. Idara ya ramani haikuona hata senti kwenye kapu lake, na hapo ndipo ugumu ulipo: anayeombwa kufungua mlango siye anayevuna. Mkurugenzi wa upimaji anayetazama makusanyo yake ya mwaka hana makosa akikataa. Makosa ni ya Hazina inayompima kwa makusanyo hayo.

Tena kuna mzaha ndani ya hoja hii ambao hausemwi. Mteja mkubwa wa ramani za serikali ni serikali. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinaitaka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, uliojengwa juu ya hifadhidata ya kijiografia. Kaunti ziko 47. Pale ambapo data za msingi hazigawanwi, kila moja hutangaza zabuni, humwajiri mshauri, hununua picha za setilaiti, huchora upya barabara ambayo mamlaka ya barabara tayari imeichora, na mto ambao wizara ya maji tayari inao. Mlipa kodi hulipia mto ule ule mara tatu, halafu mshauri anaondoka na faili kwenye kompyuta yake. Hiyo ndiyo gharama ninayotaka waziri atuonyeshe hesabu yake.

Hoja ya pili ni usalama wa taifa, na hii ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa husemwa kwa sauti nzito zaidi. Iliwahi kuwa na maana. Hadi tarehe 2 Mei 2000 Marekani yenyewe ilikuwa ikivuruga makusudi mawimbi ya GPS kwa raia, ili kifaa cha mkononi kikosee kwa kadiri ya mita mia. Waliizima hila hiyo, na leo mwendesha bodaboda wa Kayole anakufikia mlangoni kwa simu ya bei rahisi. Tangu mwaka 2005 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuangalia paa la kambi, la ikulu au la nyumba yako kwenye Google Earth. India, yenye majirani wawili wenye silaha za nyuklia na mpaka unaowaka, ilikuwa na masharti makali ya kupiga na kuchapisha ramani. Februari 2021 iliyalegeza kwa wananchi na kampuni zake, ikabakisha orodha fupi ya mambo nyeti. Ukimwambia mwanafunzi wa Maseno kwamba mipaka ya wadi ni siri ya ulinzi, unamlinda dhidi ya adui gani ambaye hana setilaiti? Maeneo ya kijeshi yatajwe kwenye orodha, yafichwe, basi. Mengine yote yatoke.

Hoja ya tatu naiheshimu kidogo zaidi: kwamba tukifungua, watakaotajirika ni makampuni ya California, yatakayochukua data zilizolipiwa na Mkenya na kumuuzia tena. Ni kweli yatachukua. Lakini yenyewe tayari yana magari yenye kamera, setilaiti za kukodi na mabilioni. Mlango uliofungwa haujawahi kuyasumbua. Unaowasumbua ni kijana wa Eldoret anayetaka kutengeneza programu ya kuwaelekeza wakulima kwenye vituo vya maziwa, na mwanahabari anayetaka kujua shule ngapi zimejengwa kwenye barabara. Vijana wa Kibera walipoamua mwaka 2009 kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani zilizokuwa mtandaoni ulikuwa doa tupu, hawakusubiri serikali wala Google. Walitembea na vifaa vya GPS, wakaweka vyoo, makanisa, zahanati na vichochoro kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambako kila mtu angeweza kuvichukua.

Imebaki hoja ya faragha, na hapa lazima mtetezi wa uwazi apunguze mwendo. Rejista ya ardhi ina majina, namba za vitambulisho, mikopo, urithi, talaka. Ukiyamwaga yote kwenye faili moja la kupakua, watakaoshukuru kwanza ni wale wale mabroka: watatafuta wajane, watu wa ughaibuni na mashamba ambayo wenyewe hawajaonekana miaka kumi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikutungwa kwa mzaha. Lakini angalia jinsi hoja hii inavyotumiwa kufunga vitu visivyo na jina la mtu yeyote. Umbo la kipande cha ardhi, namba yake, matumizi yaliyopangwa, barabara inayopakana nacho na ukingo wa mto havina kitambulisho cha mtu. Jina la mwenyewe linaweza kubaki nyuma ya ombi rasmi, kwa ada ndogo na kwa kumbukumbu ya aliyeuliza. Bunge letu lilishaona tofauti hiyo: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inamtaka msajili aweke taarifa za rejista mahali umma unapoweza kuzifikia, ikiwemo kwa njia ya kielektroniki. Tunabishana kuhusu kufungua mlango ambao sheria ilishauagiza ufunguliwe zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Nikubali pia kwamba kufungua peke yake si dawa. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya data huria, Kenya ikasifiwa kote barani. Majedwali mengi yaliyowekwa siku za mwanzo yalizeeka bila kuguswa, kwa sababu hakuna ofisi iliyopewa wajibu wa kuyahuisha wala fedha za kufanya hivyo. Afrika Kusini ilitunga sheria kamili ya miundombinu ya data za kijiografia mwaka 2003, na kamati iliyopaswa kuiendesha ikaanza kazi mwaka 2010. Hata Landsat ni bure kwako na kwangu tu kwa kuwa Bunge la Marekani hulipa. Zanzibar ndiko nilikovutiwa zaidi na mpangilio wa mambo. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya kule, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, iliwafundisha vijana kurusha droni juu ya Unguja na Pemba, na picha zikatolewa kwa leseni huria. Mwenye mali alikuwa serikali, mpigaji picha alikuwa kijana wa hapo hapo, na mtumiaji ni yeyote. Ujuzi ukabaki kisiwani.

Hatari ninayoiona Kenya kwa sasa ni ya mikataba zaidi kuliko ya teknolojia. Uingereza ilipoibinafsisha posta yake mwaka 2013, orodha ya anwani za nchi nzima ilikwenda pamoja na kampuni, na mwaka uliofuata kamati ya bunge ikalalamika kwamba lilikuwa kosa. Anwani za umma zimekuwa bidhaa ya mtu, na mitaa yao inauzwa kwao wenyewe. Kadiri Ardhisasa inavyopanuka, na kaunti zinavyosaini mikataba ya ramani za kodi ya ardhi na washauri binafsi, kifungu cha kusoma kwanza ni kile kinachosema data ni mali ya nani mkataba ukiisha na zitatolewa kwa muundo gani. Niliwahi kuomba mipaka ya wadi za kaunti moja kwenye ofisi ya umma. Nikaambiwa nilete barua, nikaileta. Nikaambiwa ni ya idara nyingine. Mwishowe niliipata kwenye flashi ya rafiki, haina tarehe, haina jina la aliyeichora, na mstari mmoja ukipita katikati ya hospitali.

Faili za aina hiyo ndizo zinazozunguka nchi nzima, na karibuni zitakuwa na kazi nzito. Katiba inataka mipaka ya maeneo ya uchaguzi ihakikiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Uhakiki uliopita ulikuwa wa mwaka 2012. Muda wa mwisho ulipita Machi 2024, tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) ikiwa haina makamishna. Kazi hiyo itakapofanyika, maeneobunge 290 na wadi 1,450 zitawekwa mezani, na kila mbunge atakuja na mchora ramani wake na faili lake la flashi. Tume ikichapisha mipaka ya sasa kama data inayopakuliwa, yenye tarehe na jina la idara, kabla ya kikao cha kwanza cha wananchi, mzee wa kijiji ataweza kuufungulia mstari huo kwenye simu ya mjukuu wake na kusema mto haupiti hapo. Isipofanya hivyo, mstari huo atauona ukishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali.